Hadithi Fupi Husomwa Mara Mbili

Wasomaji wengi wa Nairobi walikutana na hadithi fupi katika shule ya upili, kalamu mkononi, wakinakili maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Mtihani wa KCSE ulipokwisha, diwani, yaani kitabu chenye mkusanyiko wa hadithi, ikauzwa au ikaachiwa mdogo wake mtu. Ni hasara, kwa sababu hakuna utanzu unaomfaa zaidi mtu mwenye nusu saa tu ya kujipumzisha kati ya kazi na nyumbani. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuurudia kwa raha zake, bila mtihani wowote mbele. Una sharti moja kubwa na mengine yote yanatokana nalo: isome hadithi kwa mkao mmoja hadi mwisho, kisha uisome tena.

Pima kabla ya kuketi

Mwaka 1842 Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika kwamba hadithi ya aina hii yapasa isomeke kwa kikao kimoja, cha kuanzia nusu saa hadi saa moja au mbili, ili athari yake imfikie msomaji ikiwa nzima. Siku hizi nyingi ni fupi zaidi ya hapo. Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika, ambayo Wakenya kadhaa wameishinda tangu Binyavanga Wainaina mwaka 2002, hupokea hadithi za maneno 3,000 hadi 10,000. Diwani za Kiswahili zinazotungwa kwa kulenga shule huwa na hadithi za chini ya hapo, nyingi zikiwa kati ya kurasa nane na kumi na tano.

Usikisie muda, upime. Fungua ukurasa uliojaa, usio na kichwa cha hadithi. Hesabu maneno ya mistari mitano, ugawe kwa tano, kisha uzidishe kwa idadi ya mistari ya ukurasa. Tuseme umepata maneno tisa kwa mstari na mistari 32: huo ni ukurasa wa maneno 288. Hadithi ya kurasa kumi basi ina maneno kama 2,900. Halafu soma ukurasa mmoja kwa mwendo wako wa kawaida huku simu ikihesabu muda. Ukichukua dakika moja na sekunde 45, kurasa kumi zitakula dakika 17 na nusu. Ukizoea kusoma Kiingereza, usishtuke kuona idadi ya maneno yako kwa dakika imeshuka. "Asingelimwambia" ni neno moja, lakini limebeba mtendaji, kanusho, sharti na mtendewa, na jicho linahitaji muda wa kulifungua.

Zidisha muda huo mara mbili, kisha ongeza dakika kumi za kutua katikati. Hadithi ya kurasa kumi imekuwa jambo la dakika 45. Kama una dakika 25 tu, tafuta hadithi ya kurasa nne badala ya kuimega ile ya kumi. Msomaji wa riwaya huweka kitabu chini, akala, akalala, na mwandishi analijua hilo. Ndiyo maana humkumbusha mara kwa mara nani ni mtoto wa nani na ugomvi ulianzia wapi. Mwandishi wa hadithi fupi hana nafasi ya kukumbusha. Anakuachia kitu katika ukurasa wa kwanza na kukidai katika ule wa mwisho, akiamini bado unacho mkononi. Ukilala katikati, asubuhi utakumbuka matukio, ila maneno yenyewe yatakuwa yamekutoka, na kilichofichwa kilikuwa kwenye maneno.

Kukatizwa hakuepukiki, basi iwe na kanuni. Ukikatizwa kabla ya nusu ya hadithi, ukirudi anza upya. Ukikatizwa baada ya nusu, rudi nyuma kurasa mbili. Alama ya ukurasa haina kazi kubwa katika diwani, labda kwa kukuonyesha hadithi inayofuata. Na kitandani usiku si mahali pazuri pa kusomea hadithi unayoiheshimu, kwa sababu usingizi hukufika ukurasa wa sita, pale pale mambo yanapoanza kukazana.

Kupata diwani jijini

Njia rahisi ni vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara katikati ya jiji, pale ambapo mnunuzi lazima ainame. Diwani zilizowahi kutahiniwa, kama *Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine* au *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, hupatikana huko kwa wingi na kwa bei ya kupatana, kwa kuwa kila kitabu cha lazima kikibadilishwa, maelfu ya nakala huachwa bila kazi. Zisikukere kwa kuwa zilikuwa za shule. Ndani yake mna waandishi wa Kenya, wa Bara la Tanzania na wa Visiwani ambao vitabu vyao vingine huvipati kirahisi dukani.

Kabla ya kulipa, fanya ukaguzi wa dakika mbili. Kwanza, pitisha kidole kwenye namba za kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Vitabu huchapwa kwa makaratasi makubwa yanayokunjwa, aghalabu kuwa kurasa 16 au 32 kwa kila mkunjo, kwa hiyo kurasa zinapokosekana tangu kiwandani hukosekana kwa mafungu. Ukiona 48 inafuatwa na 65, mkunjo mzima haumo, na huenda hadithi nzima imekwenda nao. Pili, tazama herufi. Nakala ya uharamia huwa na wino uliofifia upande mmoja, mistari iliyolala mshazari, na gundi inayopasuka unapokifungua kitabu katikati. Tatu, angalia maandishi ya mwenye kitabu wa zamani. Ya penseli yatafutika. Ya kalamu ndiyo balaa, maana mwanafunzi mwenye bidii hukuandikia juu ya kichwa cha hadithi, kwa herufi kubwa, nani anakufa.

Ukitaka kuazima, kuna Maktaba Kuu ya KNLS, shirika la maktaba za taifa, Upper Hill, na Maktaba ya McMillan Barabara ya Banda, karibu na Msikiti wa Jamia, iliyofunguliwa mwaka 1931. McMillan ina matawi Kaloleni na Makadara, na yote mawili yamekarabatiwa miaka ya karibuni. Kwa simu, jarida la Jalada, lililoanzishwa mwaka 2013, huchapisha kazi zake mtandaoni bila malipo. Humo mna hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Gĩkũyũ, iliyotoka mwaka 2016 pamoja na tafsiri zake, na ambayo tangu hapo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili ikiwemo. Kwa wakazi wa jiji hili, ambao wengi wana lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza, ni zoezi tamu: soma mara ya kwanza kwa lugha moja na mara ya pili kwa nyingine, uone kicheko kinahamia wapi.

Anza na diwani ya waandishi wengi. Ya mwandishi mmoja ni tamu kwa anayemjua tayari, lakini kwa anayeanza, sauti ile ile mara kumi na mbili inaweza kumchosha kabla hajajua anapenda nini. Pale pale barabarani, soma aya ya kwanza ya hadithi tatu zilizo katikati ya kitabu. Zikikuacha unataka aya ya pili hata mara moja tu, lipa.

Mara ya kwanza: kalamu mfukoni

Ruka utangulizi. Wahariri wa diwani ni watu wakarimu mno, na katika utangulizi hukusimulia kila hadithi pamoja na mwisho wake. Utausoma ukimaliza. Mwongozo wa mtahiniwa ndio usiuguse kabisa katika hatua hii.

Soma kichwa, kisha ukiweke akilini bila kukifasiri. Soma aya ya kwanza polepole, mara mbili ikibidi, kwa sababu humo mna nani, wapi na lini, na mara nyingi mna kitu kimoja kisichokaa sawa. Baada ya hapo nenda moja kwa moja bila kusimama. Usipige mstari. Usiandike pembeni. Mkono ulioshika kalamu hutafuta cha kuandika, na jicho huanza kuokota "tashbihi" na "tashihisi" kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele, akasahau kwamba ule mchele ni wa kuliwa.

Neno gumu likitokea, lipite. Msomaji wa Nairobi atakutana na mengi ya aina hiyo, hasa kwa waandishi wa Pwani na Visiwani, na mengi yatajifafanua ndani ya aya hiyo hiyo. Kamusi ifunguliwe kwa sababu tatu tu: neno limo kwenye kichwa, limerudi mara tatu, au limo kwenye aya ya mwisho. Wakati huo jua kulitafuta. Kwa kitenzi, vua viambishi vya mbele kwanza: "akamkazia" iwe "kazia", kisha "kaza". Kwa nomino, rudi kwenye umoja: "nyufa" iko chini ya "ufa", "kuta" chini ya "ukuta", "ndimi" chini ya "ulimi". Wengi huisingizia kamusi upungufu kumbe wametafuta herufi isiyo yake.

Kuna vitu vinne ambavyo sarufi ya Kiswahili inakupa bure wakati wa kusoma, na ni vizuri kuviachia vifanye kazi.

Kiambishi "a-" hakikuambii kama mhusika ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi mjanja anaweza kukupeleka kurasa mbili ukiwa umeshajichorea mwanamume, kisha akaleta neno moja, kama vile kuitwa "bibiye", likaivunja picha yote. Ukigundua umepotoka, usirudi nyuma. Endelea, lakini kumbuka ulikosea wapi, kwa sababu huenda mwandishi alikusudia ukosee.

Ukubwa na udogo ni maoni. Nyumba ya tajiri ikiitwa "jumba" na mwenyewe akaitwa "kijitu", msimulizi amekwisha kukuambia amesimama upande gani, ingawa hajatoa hukumu yoyote. Sikiliza kama ni msimulizi anayesema hivyo au ni mhusika.

Mfululizo wa "-ka-" husukuma mambo mbele: aliamka, akavaa, akatoka. Ukikuta mfululizo umekatika na "alikuwa ame-" imeingia, umerudishwa nyuma: "Alikuwa amelala na viatu." Hiyo ndiyo kisengere nyuma, na katika hadithi fupi inaweza kuwa sentensi moja tu, bila aya mpya wala nyota za kutenganisha. Wanaolalamika kwamba hadithi fulani "haieleweki" mara nyingi waliteleza kwenye sentensi kama hiyo.

Cha nne ni majina. Katika jamii zetu mtu huitwa kwa mtoto wake, kwa kazi yake, kwa kijiji chake. Mhusika anayeitwa Mama fulani kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila jina lake mwenyewe kutajwa, ameelezwa kwa jambo moja, na mwandishi angeweza kuchagua jingine. Wahusika wenye majina wakizidi watano, andika majina kwenye kipande cha karatasi. Hilo tu ndilo andiko linaloruhusiwa katika usomaji wa kwanza.

Mfano wa karibu

Huu hapa ni mwanzo wa hadithi tuliyoitunga kwa ajili ya zoezi hili tu:

*Jumamosi hiyo Mama Sofia alipanga vikombe vitatu mezani, akakitazama cha tatu, akakirudisha kabatini. Mumewe hakuinua macho gazetini.*

*"Unaonaje, mvua itanyesha?" akauliza.*

*"Nguo bado ziko nje," Mama Sofia akajibu, akabaki amesimama pale pale.*

Katika usomaji wa kwanza utaona mambo mawili, au hata moja. Vikombe vitatu, watu wawili. Na swali la mvua limejibiwa kwa habari za nguo. Huenda ukamwona mume ni mtu asiyejali, wa kujificha nyuma ya gazeti huku mkewe akihangaika. Sawa, endelea. Tuseme hadithi inakwenda kurasa tano, jirani anakuja kuazima kitu, mazungumzo ni ya bei ya unga, mawingu yanazidi. Kisha inakwisha hivi:

*Matone ya kwanza yalipoanguka, ni mzee aliyetoka kuianua sare ya shule. Aliikung'uta, akaikunja, akaiweka chumbani juu ya zile nyingine.*

Basi. Hakuna mstari mwingine. Msomaji aliyezoea ngano, zenye mafunzo mwishoni, atageuza ukurasa akitafuta salio. Hakuna salio. Rudi mwanzoni sasa.

Kikombe cha tatu kimepata mwenyewe: ni cha Sofia, na mkono wa mama bado una mazoea yake. Jina "Mama Sofia", ambalo ulilipita kama jina lolote la mtaani, sasa linauma kila linapotajwa. Gazeti limebadilika pia. Mume asiyeinua macho si lazima awe asiyejali. Anaweza kuwa mtu asiyeweza kukitazama kile kikombe. Na lile swali la mvua? Lilikuwa la sare tangu mwanzo. Alijua kilichoanikwa nje, akauliza kwa njia pekee aliyoiweza, na mkewe akamwelewa na kumjibu sawasawa. Mara ya kwanza jibu lilionekana limekwenda kombo. Mara ya pili unaona ndiyo sentensi iliyonyooka kuliko zote katika nyumba hiyo.

Tazama pia "zile nyingine". Maneno mawili, lakini yanasema kuna sare kadhaa, zimefuliwa, zimekunjwa, na haziendi shuleni. Ukiliruka neno hilo, hadithi inabaki kuwa ya mvua na nguo.

Sofia amepatwa na nini? Hapa ndipo wasomaji wengi, hata wazuri, hujikwaa. Watasema amefariki, kisha waijadili hadithi kama ya msiba. Lakini hakuna kaburi ndani ya maandishi, hakuna matanga, wala jirani hakusema pole. Anaweza kuwa ametoroka, au ameolewa kabla ya wakati. Kinachoruhusiwa na maandishi ni kwamba hayupo, na kwamba wazazi wake hawajakubali. Ukitaka kusema zaidi ya hapo, onyesha mstari. Usipouona, liache swali wazi. Uwazi huo mwandishi aliuacha makusudi.

Dakika kumi za katikati

Ukimaliza usomaji wa kwanza, funga kitabu na usishike simu. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kuifuta aya ya mwisho kichwani. Osha vyombo, chemsha chai, panda ngazi. Wakati huo jiulize jambo moja tu: ni picha gani iliyobaki? Si ujumbe, si funzo, ni picha: mkono, mlango, kiatu. Picha inayobaki yenyewe ndiyo utakayoanza kuitafuta mara ya pili, kuona mwandishi aliipanda wapi kwanza.

Mara ya pili: sasa toa penseli

Penseli, si kalamu, kwa heshima ya atakayekinunua baada yako. Usomaji huu huwa wa haraka kidogo, kwa kuwa hutafuti tena kitakachotokea. Weka alama pale picha ile inapotokea mara ya kwanza. Weka nyingine pale hadithi inapogeuka: mara nyingi si kwenye tukio kubwa bali sentensi moja au mbili kabla yake, mtu anapoamua au anapokataa kuamua. Kila mazungumzo ambayo jibu halilingani na swali, chora kiduara. Kwa kinaya ni vivyo hivyo: sentensi uliyoiamini mara ya kwanza na sasa unajua msimulizi alikuwa akikucheza shere.

Chunguza kilichorukwa. Hadithi fupi huruka miaka kwa mstari mmoja mtupu. Jiulize kwa nini mwandishi ametumia kurasa tatu kwa chakula cha jioni kimoja na sentensi moja kwa ndoa ya miaka kumi. Pale alipotumia nafasi ndipo mzigo wake ulipo.

Mara nyingine usomaji wa pili unaifilisi hadithi. Unagundua kila kitu kilitegemea sadfa, au kwamba mshtuko wa mwisho haukuandaliwa popote, umedondoshwa tu. Hilo nalo ni jambo la kujua. Hadithi iliyobebwa na mshangao mtupu haina cha kukupa ukishaujua mwisho. Iliyo nzuri hukupa zaidi mara ya pili kuliko ya kwanza, na hicho ndicho kipimo tunachokiamini kuliko sifa zilizoandikwa kwenye jalada la nyuma.

Inapokwisha hewani

Lalamiko la kawaida kuliko yote: "haina mwisho." Nyingine kweli hazina, mwandishi alichoka. Ili kutofautisha, weka aya ya kwanza na ya mwisho sambamba, kidole kwenye kila moja. Nani anajua jambo ambalo hakulijua? Nani hawezi tena kufanya alichokifanya mwanzoni? Ukipata jibu kwa hata mtu mmoja, hadithi imekwisha, hata kama harusi haikufungwa na mwizi hakukamatwa. Usipopata jibu, jaribu kumtazama msimulizi mwenyewe. Katika hadithi za nafsi ya kwanza, anayebadilika mara nyingi ni huyo anayesema "mimi", tena bila yeye kujua. Ukikosa hapo pia, geuza ukurasa kwa amani, uende kwa nyingine.

Ugonjwa mwingine wa shule ni kuikamua hadithi hadi itoe funzo. "Inatufundisha tusiwe na tamaa." Hadithi inayoweza kufupishwa hivyo haikuhitaji kurasa kumi, methali ingetosha. Funzo likikujia haraka mno, litilie shaka na utafute mstari unaolipinga. Mara nyingi upo.

Kwenye matatu na kwingineko

Msongamano wa Thika Road au wa Jogoo Road una dakika nyingi kuliko unazozihitaji, lakini kuna mambo ya kuzingatia. Kichefuchefu hutokea kwa sababu macho yanaona ukurasa uliotulia huku sikio la ndani likihisi mwendo, na ubongo unapokea habari mbili zinazopingana. Kaa mbele au katikati, mbali na ekseli ya nyuma panaporuka zaidi, na inua macho uangalie barabara kila mwisho wa aya. Gari likisimama kabisa, soma. Likianza kukata kona, funga. Ukisomea kwenye simu, epuka kiti cha dirisha lililo wazi, maana mikono ya nje ni myepesi kuliko ya kwako. Pakua hadithi nyumbani kabla ya kuondoka, zima data ili ujumbe usikukatize, na ongeza ukubwa wa herufi hadi mstari uwe na maneno matano au sita, usiruke mstari gari linapotikisika.

Muziki ukiwa juu, chagua hadithi yenye mazungumzo mengi. Zile za mawazo ya ndani, zenye uzungumzi nafsi wa kurasa mbili, hazishindani na spika za matatu. Hizo ziwekee Arboretum siku ya Jumapili. Bustani ya Jeevanjee ina viti na kivuli, lakini saa ya chakula cha mchana kuna wahubiri wenye vipaza sauti, kwa hiyo nenda kabla ya saa sita.

Safari ya kwenda itumie kwa usomaji wa kwanza, ya kurudi kwa wa pili. Siku nzima ya kazi katikati si dakika kumi tulizozisema, na utahitaji kuisoma tena aya ya kwanza kwa utulivu, ila kwa hadithi ya kurasa tano au sita mpango huu unafanya kazi.

Ngapi kwa wiki, na pamoja na nani

Usisome diwani kama riwaya, moja baada ya nyingine bila kupumua. Hadithi tatu mfululizo zitayeyukiana, na baada ya siku mbili utampa mhusika wa moja mume wa nyingine. Moja kwa siku ndiyo kikomo. Mbili au tatu kwa wiki ni mwendo mzuri. Hakuna anayekudai mpangilio wa kitabu pia: anza na iliyo fupi kuliko zote, kisha ile ambayo kichwa chake kimekuvuta. Na anayekuambia hadithi fupi ni mazoezi ya riwaya, mkumbushe kwamba Alice Munro wa Kanada alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2013 akiwa amejenga jina lake lote kwa hadithi fupi.

Kusoma kwa sauti kunazifaa hadithi nyingi za Kiswahili, kwani nyingi zimeandikwa na watu waliokua wakiitikia "pakawa". Mwendo wa sauti ni wa polepole: maneno 2,000 yatachukua dakika 15 hadi 20, na zaidi kama watu wanacheka. Stima zikipotea, tochi ya simu moja inatosha familia nzima. Anayesoma aipitie kwanza peke yake, la sivyo atakwama kwenye sentensi ndefu na kumpa kila mhusika sauti ile ile.

Mkiwa kikundi, watu watano au sita wanatosha na saa moja inatosha. Kila mtu aje akiwa amesoma mara moja tu. Usomaji wa pili ufanyike hapo hapo kwa sauti, kwa kupokezana kurasa. Kisha kila mtu ataje picha iliyombakia, bila kuieleza, kabla ya yeyote kutoa maoni, kwa sababu anayeanza kutoa maoni kwa nguvu huwaburuta wengine wote. Anayesema "sijaipenda" asome mstari uliomkera. Anayesema "ni nzuri sana" asome wake pia. Mkibishana kuhusu kilichotokea, anayedai aonyeshe ukurasa. Mwishoni mpeni mmoja wenu utangulizi wa mhariri ausome kwa sauti, mwone kama mhariri na ninyi mlisoma hadithi moja.